Nani Alizima Feni

Njeri aliponipigia simu kuniambia Madam Saina amefariki, nilikuwa mbele ya kompyuta, na kabla sijasema lolote mkono wangu ulikwenda wenyewe nyuma ya mashine kupapasa kama feni inatoa upepo. Ilikuwa inatoa. Ndipo nikauliza mazishi ni lini. Njeri akacheka kile kicheko chake cha dukani ambacho umri haujakipunguza, akasema alijua sitalia, hata yeye hajalia, ila kuna jambo lingine na kama nimesimama niketi. Familia ilikuwa imempa wasifu wa marehemu aupitie kabla haujachapishwa, na ndani yake kulikuwa na aya inayonihusu. Akanisomea. Ilisema kwamba kompyuta ya kwanza ya chuo cha Madam iliungua kwa uzembe wa mwanafunzi mmoja, na Madam, kwa moyo wake wa Kikristo, akamsamehe mwanafunzi huyo na kumlea kama binti yake. "Hawajakutaja jina, Jero," Njeri akasema, "lakini watu wa rika letu si wanajua ni nani?" Halafu akaniambia sehemu iliyobaki, kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala: watoto wa marehemu walikuwa wanaomba nije na kompyuta yangu niwaonyeshe waombolezaji picha zake, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa mambo hayo. Nikamwambia nitakuja.

Nina miaka hamsini na kitu. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba hasira ikikaa sana huchoka yenyewe. Yangu haijachoka. Imekaa kama mashine iliyoachwa ikiwaka kwenye chumba cha nyuma. Unaishi na mlio wake mpaka husikii tena, halafu siku moja mtu anafungua mlango. Basi nitaandika mwaka ule ulivyokuwa, kwa sababu wasifu ule umeshachapishwa na huu wangu bado. Kuhusu kwetu Moi's Bridge sitasema mengi. Kulikuwa na mahindi na kulikuwa na mama, na mama ndiye aliyesema kwamba msichana aliyemaliza Form Four hawezi kukaa nyumbani akihesabu mawingu, aende Eldoret akasomee ukatibu.

Chuo kilikuwa juu ya duka la baba yake Njeri katikati ya mji. Chini waliuza mbegu, dawa ya kupe na chakula cha ng'ombe, na vumbi la kile chakula lilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi, tamu kidogo puani, likatua juu ya mashine za chapa na juu ya nywele zetu. Vitufe vya mashine vilikuwa vimefunikwa kwa plasta ya vidonda ili tusitazame herufi. Madam alipita katikati yetu akigonga mapigo kwa rula kwenye mbao za madawati. Alikuwa mrefu, mwenye suti ya kijani kibichi na marashi yaliyofika chumbani kabla yake. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na picha ya rais kama ilivyokuwa lazima kila mahali miaka ile, na tulizoea kuwatazama wote wawili kwa uso uleule. Mimi sikuwa naongea. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo. Niliongea na Njeri na niliandika shajara yangu, na kwa watu wengine wote nilikuwa nikifungua mdomo naona maneno yamekaa ndani kama watoto waliokatazwa kutoka nje. Wiki ya kwanza tu Madam akanipa jina. "Huyu Bubu atakuwa katibu mzuri," aliwaambia darasa. "Siri ya ofisi itaozea ndani yake." Walicheka wote. Nami nilicheka, kwa sababu wakati ule nilidhani amenisifu.

Kompyuta ilikuja kwa mkokoteni kutoka stesheni ya mabasi, imefungwa kwa blanketi, na kijana mmoja akitembea kando yake akiishika kama mgonjwa. Huyo alikuwa Wafula, fundi kutoka Nairobi, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. Ikawekwa kwenye kichumba kilichotengwa na ofisi ya Madam kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, na siku iliyofuata Madam akaja na kitambaa. Kila nyumba niliyowahi kuingia Uasin Gishu ilikuwa na vitambaa vya kroshia: juu ya redio, juu ya viti, juu ya meza ndogo, juu ya kitambaa kingine. Kitu cha thamani kisichofunikwa kilikuwa aibu kwa mwenye nyumba. Cha kompyuta alikishona mwenyewe, cheupe, chenye ua la manjano pembeni, kikubwa kiasi cha kufunika kila kitu mbele na nyuma. Wageni walipokuja walikishika kwanza kitambaa, wakamsifu kwa mikono yake, ndipo wakauliza hiki kilichofunikwa ni kitu gani.

Lakini mashine ilinguruma. Feni yake ilikuwa kali, na ile plaiwudi haikuzuia chochote. Madam akamwambia Wafula ofisi yake imekuwa kama mashine ya kusaga mahindi, wageni wanapiga kelele kama wako sokoni, na Eldoret ni baridi, kitu chenyewe kinapepewa cha nini. Nilikuwepo, nikifagia, na kwa hiyo najua alichojibiwa. Wafula alimwambia kwamba baridi ya Eldoret inadanganya. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haibebi joto vizuri. "Si unaona maharagwe yanachukua siku nzima kuiva huku, Madam? Ni hiyo hiyo hewa." Madam akasema hakuuliza mambo ya maharagwe. Basi Wafula, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa, na Madam ndiye aliyeajiri, akafungua sanduku la mashine, akaunganisha kwenye waya wa feni kidude cha kuzungusha kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio, akakitokeza nyuma. Kulia feni ilikimbia. Kushoto ilipunguza mwendo, kushoto zaidi ikasinzia, halafu ikasimama kabisa. Njeri alikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, na Wafula akaomba brashi yake akachora mstari. Akamwonyesha Madam. Hapa ndio mwisho, alimwambia. Usipite hii nyekundu wakati mashine inafanya kazi, itajipika. Madam akasema amesikia. Nataka hilo likae hapa wazi: alisema amesikia.

Na kwa kuwa hakumwamini, Wafula aliandika programu. Siku hizi ukiwasha kompyuta unaweza kuingia kwenye mipangilio ya ule ubao wake wa ndani kabla haijaamka vizuri, ukaiambia joto likifika hapa feni ikimbie hivi, na mashine inajipima yenyewe. Ile yetu haikuwa na uwezo wa kujihisi. Kwa hiyo Wafula akaifundisha kuuliza. Kila ilipowashwa, kabla haijafanya jambo lingine lolote, maneno yalitokea kwenye skrini kwa rangi ya kijani: FENI INAZUNGUKA? ANDIKA N AU H. Hapo ulitakiwa upeleke kiganja nyuma, uhisi upepo, ndipo uandike N, yaani ndiyo. Ukiandika H, au kitu kingine chochote, inauliza tena. "Wewe ndio ngozi yake," Wafula aliniambia, kwa maana Madam alikuwa amenichagua mimi kuiendesha. Sababu aliyotoa ni kwamba sina mdomo wa kwenda kuitangaza mjini, na aliahidi kwamba mwaka ukiisha nitabaki pale kama karani wa kompyuta, mwenye meza.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya miezi ile. Niliingia asubuhi, nikakunja kitambaa, nikawasha, nikaweka kiganja nyuma na kungoja ule upepo wa uvuguvugu, kama pumzi ya ndama. Mchana nilikula hukohuko ndani na Njeri, tukikaa juu ya maboksi. Yeye alileta githeri, mahindi na maharagwe, kutoka chini kwao, mimi ugali baridi na mursik, maziwa yetu ya mgando, katika chupa ya soda, tukabadilishana kila mtu akidhani amempunja mwenzake. Kupitia plaiwudi tulisikia yote: nani ameachwa, nani anataka kiti cha udiwani, nani alionekana akinong'ona juu ya chama tawala na sasa haonekani tena. Njeri alikuwa na tabia ya kumwiga Madam bila kutoa sauti, midomo tu, na mimi nilikuwa nauma leso nisicheke. Jambo moja tu liliharibu siku zile. Kila nilipotoka na kurudi, nilikuta kidude kimesogezwa kushoto, kimegusa nyekundu. Nilikirudisha kulia. Madam alikisogeza tena. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu alisimama mlangoni akaniuliza kwa nini hiyo kitu inapiga makelele tena, na mimi, kwa shida, nikasema, "Ngoja kidogo, Madam. Mashine imepata joto." Alinitazama kana kwamba kiti kimemjibu.

Ilipofika Julai, baridi ya Eldoret ilikaza. Ukungu haukutoka barabarani mpaka saa nne, na Madam akaleta jiko la makaa ofisini mwake, akaliweka karibu na plaiwudi ili kuta zishike joto. Siku hiyo nilikuwa nachapa majina ya wanachama wa chama cha wakulima, kazi ndefu, mashine ikiwaka tangu asubuhi. Rafiki yake Mama Tecla, aliyeuza nguo sokoni, alikuja kuota moto. Nikasikia wakilalamika juu ya kelele. Nikaitwa, nikapewa chupa, nikaambiwa niende nikatafute maziwa, na kama hayako dukani nivuke mpaka ng'ambo ya pili ya mji. Hayakuwako dukani. Niliporudi, nilisikia kwanza ukimya. Nilisimama kwenye ngazi nikisikia mashine za chapa, mazungumzo, kijiko kikigonga kikombe, na nyuma ya hayo yote hakuna kitu. Kisha harufu, kama nywele na plastiki kwa pamoja. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa chake, vizuri, ua la manjano limenyooshwa. Nilikifunua. Skrini ilikuwa nyeusi. Kidude kilikuwa kushoto mpaka mwisho, kimeipita nyekundu kabisa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimepata doa la kahawia nyuma, umbo la mdomo.

Alinisimamisha mbele ya darasa. Akasema Bubu ameua mashine. Akasema alinipa kitu ambacho hata mabenki mengine hayakuwa nacho, nami nikakizimia feni kwa uvivu kwa sababu nilitaka kulala kwenye joto, wakati nilikuwa hata simo mle ndani, nilikuwa na chupa ya maziwa mkononi wakati anasema hivyo. Akanifanya niinue mikono darasa zima liione. "Hii ndio mikono ya nuksi. Mtu akiwapa kazi siku moja, mkumbuke hii mikono." Kisha akasema kama nina la kujitetea niseme. Alingoja. Hicho ndicho ninachokumbuka kuliko yote: alijipa subira kabisa, kichwa upande, akijua. Nilifungua mdomo. Maneno yalikaa ndani. Njeri akasimama akasema Jerotich alikuwa ametumwa maziwa, akaambiwa aketi au afuate baba yake chini kwenye magunia. Kiti changu kilipewa mpwa wa Madam. Mimi nikawa wa kufagia na kupika chai mpaka akili inirudie. Kwenye ngazi wenzangu wakaanza kuniita Zimamoto. Barua ikaenda Moi's Bridge, mchungaji akamsomea mama, na mama akanitumia ujumbe kwa mtu wa mahindi: amesema ameumia, na anauliza mbona hukutunza kitu cha wenyewe.

Hata hayo ningeweza kuyameza. Nilikuwa na mazoea. Lakini siku chache baadaye nilikuwa naosha vikombe upande wa pili wa plaiwudi, na Mama Tecla akauliza kama ile mashine itapona. Madam akacheka. Nitaandika alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu sijayapoteza hata moja. "Si ni mimi nilizima. Ilikuwa inanichokesha, nikazungusha mpaka ikanyamaza. Lakini sasa niseme ni mimi, kwa chuo yangu mwenyewe? Bubu yuko. Bubu hata ukimkanyaga mguu hasemi woi." Mama Tecla akasema, "Wewe nawe, utamwua mtoto wa watu," na wakacheka wote wawili, na mtu akaongeza makaa. Niliweka kikombe chini polepole kisigonge. Tangu siku hiyo sikuomba kingine kwa Mungu. Sikutaka kazi tena, wala kusamehewa. Nilitaka mwanamke yule aseme, mbele za watu, kwamba ni yeye.

Wafula alirudi Agosti na kipuri. Alifungua sanduku, akanusa, akatazama kidude kilipokuwa, akatazama doa kwenye kitambaa, na akaniuliza nani. Akatikisa kichwa kuelekea plaiwudi, akiinua nyusi, na mimi nikatazama sakafu, na hayo yakatosha. Akanong'ona kwamba hawezi kusema kitu, bado hajalipwa. Alipomaliza akaiandika upya ile programu yake ya kuuliza, na kwa kuwa nilikuwa hapo na ufagio, akanionyesha jinsi ilivyokaa. Ilikuwa mistari michache tu yenye namba. Mstari wa kumi unauliza. Wa ishirini unangoja jibu. Wa thelathini unasema: kama jibu si N, rudi mstari wa kumi. Nikamuuliza, na nadhani lilikuwa swali refu kuliko yote niliyowahi kumuuliza mwanamume, itakuwaje mtu akikataa kujibu ukweli. Alinitazama kupitia ile miwani ya waya. "Mashine haichoki," alisema. "Itauliza mpaka kesho." Halafu akaniachia karatasi yenye amri za kufungulia programu na kuihifadhi, akaiweka chini ya kopo la majani chai, akaenda zake stesheni. Sikumwona tena.

Niliandika sentensi yangu mara nyingi kichwani nikifagia. Njeri nilimwambia tulipokuwa tukila, naye akaacha kijiko hewani. Akasema mgeni wa heshima siku ya kufuzu ni D.O., mkubwa wa serikali katika tarafa yetu, na kwamba siku hizi mtu akiandika jambo lisiloeleweka mbele ya mkubwa wa serikali wanasema ni uchochezi. "Wataniuliza hata mimi, Jero. Wataniuliza nani amekutuma." Nikamwambia hakuna aliyenituma. Alitafuna, kisha akasema, "Andika kwa herufi kubwa basi. D.O. hana macho mazuri."

Siku ya kufuzu, Novemba, madawati yalirudishwa ukutani na wazazi wakajaa. Mama alikuja na kanzu ya kanisani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa mtu asiyetaka kuombwa fidia. Kompyuta ilikuwa imetolewa kwenye kichumba chake ikawekwa juu ya meza mbele, chini ya picha ya rais, imevaa kitambaa kipya. Mimi nilikuwa na birika. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufika, nilikuwa nimefagia, nimefanya kazi yangu na ile karatasi ya Wafula, na nimezungusha kidude kulia mpaka mwisho. D.O. alihutubia juu ya uaminifu na maendeleo. Kisha Madam akasimama katika suti ya kijani, akasema leo wataona ya karne ijayo. Mpwa wake alitaka kuketi, akamsukuma kando kwa bega. Leo anayeketi hapo ndiye angepigwa picha. Akaondoa kitambaa, watu wakapiga makofi, akawasha. Feni ikanguruma chumba kizima. Alikunja uso kidogo, akatabasamu, na kwa kuwa wazazi wa nyuma hawangeweza kuona skrini, akamwomba mgeni wa heshima awasomee kila kitakachotokea. Hakuna aliyemshauri hilo. Alilifanya mwenyewe.

D.O. akavaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Madam Saina. Nani alizima feni? Moja, wewe. Mbili, Bubu." Watu wakacheka kwa adabu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Madam hakucheka. Mkono wake ukaenda haraka kwenye vitufe, ukabonyeza mbili. Mashine ikalia mlio mmoja, na maneno yakarudi. D.O. akasoma tena, kwa furaha zaidi. "Nani alizima feni? Moja, wewe. Mbili, Bubu." Akabonyeza mbili tena. Mlio. Akabonyeza mbili, mbili, mbili, na kila mara lile swali likarudi mahali pale pale, kijani, bila kuongeza sauti wala kupunguza. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Darasa lilikuwa limeelewa. Niliona vichwa vikigeuka, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwake kuja kwangu na birika langu. Madam akaunyosha mkono kwenye swichi. "Wacha, wacha," D.O. akamshika kiwiko, kama mtu anayezuia mtoto kuharibu mchezo. "Usizime, Madam. Mashine ya serikali ya kesho imeuliza. Si ujibu tu tuendelee? Kama si mbili ni moja." Alikuwa anatania. Nadhani mpaka anakufa hakujua alichofanya. Madam aligeuka akanitafuta. Nilikuwa nimesimama kando ya Mama Tecla, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama Madam usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, na nikangoja. Kichwa upande. Nilijipa subira kabisa.

Akabonyeza moja.

ASANTE MADAM, mashine ikaandika, na D.O. akasoma hilo pia, na ikafunguka kama kawaida, tayari kwa kazi. Nyuma, karibu na mlango, nikamsikia mama akimuuliza jirani yake kwa Kikalenjin wamesema nini, na jirani akamweleza, polepole, yote.

Wageni walipoondoka Madam alinifuata kwenye vikombe. Marashi yake yalikuwa yameisha, au mimi ndiye niliyekuwa siyasikii. Alisema nimemuua. Nikamwambia, "Mimi nimeuliza swali tu, Madam." Alinifukuza palepale na cheti sikupewa, na niliporudi Moi's Bridge na mama tulitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani tukicheka kama wezi. Baadaye ghala moja la nafaka kule likanunua kompyuta, likauliza ni nani anayeweza kukaa nayo, na maisha yangu yakaanza. Nilikutana na Madam mjini mara nyingi katika miaka iliyofuata. Hakuniita Bubu tena. Alivuka barabara.

Niliposimama mbele ya wale waombolezaji nyumbani kwa Madam, Kimumu, nilitegemea kuona haya. Sikuona. Hema lilikuwa jeupe, viti vya plastiki vimejaa, jeneza limefunikwa kitambaa cha kroshia ambacho niliijua mikono iliyokishona. Waliniwekea meza pembeni ya jukwaa, kompyuta yangu juu yake, na kwa kuwa meza ilikuwa moja, kipaza sauti cha msomaji kilisimamishwa hapohapo, karibu na matundu ambayo feni hutolea upepo. Njeri alikaa mstari wa mbele na miwani myeusi. Picha zilipita kwenye skrini kubwa: Madam na rula, Madam na suti ya kijani, Madam akikata utepe. Mjukuu wake, msichana mwenye sauti nzuri, alisoma wasifu. Nami nilifungua ile programu ninayotumia kuongoza feni, yenye mstari mmoja wa kusogeza, kushoto taratibu, kulia kasi. Nilikuwa na nakala ya wasifu mbele yangu nikifuata kwa kidole. Ilipofika aya ile, "Katika mwaka ambao kompyuta ya kwanza," nilisogeza kulia mpaka mwisho.

Spika zikajaa upepo. Ilikuwa kama mvua kubwa juu ya mabati. Msichana aliendelea kusoma, midomo yake ikienda, na hakuna neno hata moja lililotoka. Watu wakatazama angani. Mtoto wa kiume wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akainama sikioni mwangu, akasema kwa heshima, "Anti, hiyo kelele, si unaweza punguza kidogo?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Mashine imepata joto."

Njeri alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka, na mama mmoja akampa leso. Nilifuata kwa kidole mpaka nukta ya mwisho ya aya, na ile sehemu ya kulelewa kama binti. Kisha nikarudisha mstari kushoto, taratibu, mpaka kukatulia kabisa na sauti ya msichana ikarudi hewani ikitaja wajukuu. Niliacha kiganja nyuma ya mashine. Upepo wake ulikuwa wa uvuguvugu.